Usikimbilie Skrubu: Gari Kuukuu na Sailensa Yake

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa chama chetu mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, baada ya chakula cha mchana.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniachia nichague mada mwenyewe. Nadhani alitazamia nizungumze juu ya mipango na bajeti, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya serikalini kwa karibu miaka ishirini. Lakini nimehudhuria mikutano hii ya kutosha kujua kwamba hotuba ya bajeti baada ya wali na nyama huwalaza watu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya gari, tena gari kuukuu, na juu ya jambo moja tu: linapokataa kuunguruma sawasawa likiwa limesimama.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Hapa nilisoma mpaka Kidato cha Sita, nikaenda Mlimani, nikarudi na shahada, nikaajiriwa. Karibu yote ninayoyajua juu ya injini nimefundishwa na gari moja, na ada yake ilikuwa kubwa. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana ndani ya maneno haya mna ungamo.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1981. Wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa. Vijana, 504 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na kwa miaka mingi iliunganishwa pia Mombasa. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978, ile ya milango miwili, ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Marehemu baba yangu, aliyekuwa bwana shamba, alilinunua la kwake mwaka 1986 kutoka kwa mtu mwingine, akalitunza kuliko alivyotutunza sisi. Alipofariki mwaka 2010 nikalirithi mimi, pamoja na kisanduku cha spana na kitabu cha gari chenye alama za vidole vya grisi.

Sasa, sailensa ni nini? Mafundi wetu huita hivyo ule mwungurumo wa injini wakati gari limesimama, gia iko huru, na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta. Kwa gari kama la baba ni mizunguko kama 850 au 900 kwa dakika. Ikiwa 900, silinda nne zinawasha petroli mara 1,800 kila dakika, yaani mara 30 kila sekunde. Sikio halizihesabu, husikia sauti moja tu iliyotulia. Silinda moja ikikosa, mara moja unasikia gari linachechemea. Hiyo ndiyo mafundi wanaiita misi.

Kwa nini kasoro nyingi hujitokeza kwenye sailensa, na gari lile lile likishika barabara linakwenda vizuri? Sababu ni hii. Ndani ya kabureta mna kibati cha mviringo kinachofunguka na kufunga njia ya hewa kadiri unavyokanyaga mafuta. Ukiondoa mguu, kibati hicho karibu kinafunga kabisa. Pistoni zinavuta hewa na hewa haiji, hivyo mkandamizo ndani ya bomba la kuingizia hewa, yaani manifoldi, hushuka hadi kama theluthi moja tu ya ule wa nje. Mvuto ni mkali sana. Kama pana mpira uliopasuka, gasketi iliyokauka, au tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari, hewa itaingia hapo bila kupita kwenye kabureta, na haitakutana na petroli yake. Ukiwa barabarani, injini inakunywa hewa nyingi na wizi huo mdogo hauonekani. Ukisimama, injini inakunywa kidogo, na mwizi anachukua sehemu kubwa ya chakula.

Kwa hiyo sailensa ni kama mtu mgonjwa anapoketi. Akiwa shughulini husemi anaumwa. Aketi kimya, ndipo utamsikia akipumua.

Mwaka 2013 nilihamishiwa Lushoto kutoka Tanga. Mwanzoni mwa 2014 gari likaanza kusumbua. Nikisimama sokoni injini inatetemeka, inashuka, inazima. Nikikanyaga breki kuingia nyumbani, inazima. Nikafungua boneti, nikachukua bisibisi ya baba, nikaikaza ile skrubu inayozuia kibati kisifunge, yaani skrubu ya sailensa. Injini ikapanda, ikatulia. Nikafunga boneti nikijiona fundi.

Baada ya wiki tatu tatizo likarudi. Nikakaza tena. Kisha likarudi tena, nami nikakaza tena. Kufikia katikati ya mwaka gari lilikuwa linanguruma limesimama kama basi linaloita abiria, petroli inakwisha upesi, na nikiondoa mguu kwenye mafuta halipungui mwendo kama zamani.

Nami nilikuwa na maelezo yangu ya kisomi. Lushoto iko juu ya bahari kwa mita kama 1,400, na Tanga iko ufukweni. Hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu moja katika nane. Kabureta iliyosetiwa Tanga haijui kwamba imepanda mlima. Inatoa petroli kama ile ile, kwa hewa iliyopungua. Basi, nikasema, petroli imezidi, na ndiyo sababu injini inasongwa. Kila aliyeniuliza nilimweleza hivyo, na hakuna aliyeweza kunijibu. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa juu ya hewa na juu ya kabureta. Kwa ugonjwa wa gari langu hayakufaa hata kidogo.

Palikuwa na kijana mmoja fundi aliyekuwa na gereji chini ya mkaratusi, jirani na soko. Alisoma shule hii hii, miaka tisa nyuma yangu. Matokeo yake ya Kidato cha Nne hayakuwa mazuri, akaingia kwenye ufundi. Siku moja gari lilinizimikia mbele yake. Akaja, hakuuliza bisibisi. Aliniambia niwashe, akasikiliza. Kisha akavuta choki kidogo tu, na injini ikatulia. Akairudisha, ikaanza tena kutetemeka.

Akasema, "Kaka, hii injini haijazidiwa petroli. Ingekuwa imezidiwa, hiyo choki ingeizima. Hii inakosa petroli au inaingiza hewa ya pembeni."

Nikamweleza habari ya mita 1,400. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa kaka. Lakini naomba ukanyage breki." Nikakanyaga. Sailensa ikabadilika, na karibu na miguu yangu ikasikika sauti ya "shhh". Akasema, "Liache gari leo. Nataka kufungua bustaa ya breki."

Vijana, bustaa ni ile chombo kama sufuria pana iliyo mbele ya pedali ya breki. Ndani yake mna utando wa mpira. Inaunganishwa kwa mpira mnene na manifoldi, na inautumia mvuto ule ule nilioueleza kumsaidia dereva kukanyaga. Utando ukipasuka, mambo mawili hutokea pamoja: hewa inaingia kwenye injini na kuharibu sailensa, na breki inapoteza msaidizi wake.

Sikuliacha gari. Nilikuwa na kikao saa nane. Na niseme ukweli mbele yenu: haikuwa kikao tu. Nilijiuliza, huyu aliyeshindwa Fizikia ataniambia nini mimi? Nikamwambia, "Mdogo wangu, tatizo la sailensa na breki wapi na wapi?" Nikakaza skrubu, nikaenda zangu.

Desemba mwaka huo nilikuwa namteremsha mama yangu kutoka Lushoto kwenda Mombo kupanda basi. Mnaijua barabara ile. Ni kama kilomita 33 za kona, na kutoka Soni kwenda chini mlima uko upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye kona moja tulikutana na lori la kabichi lililokuwa limesimama upande wetu, limeharibika. Nikakanyaga breki. Pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga ukuta. Nikaikanyaga kwa miguu miwili. Gari lilipungua mwendo, lakini si kiasi cha kutosha, na injini ambayo mimi mwenyewe niliikazia skrubu ilikuwa bado inasukuma wakati ilipaswa kuzuia. Nikavuta breki ya mkono na kuliingiza gari mtaroni, upande wa mlima.

Mimi sikuumia. Mama alivunjika mkono wa kulia. Uliunga, lakini haukunyooka vizuri, na mpaka leo hawezi kuinua ndoo iliyojaa kwa mkono ule.

Linalofuata ni baya zaidi. Jioni ile ile, watu waliponiuliza, nilisema yule kijana wa gereji ndiye aliyechezea breki zangu. Nilisema hivyo sokoni, nikasema ofisini. Afisa mwenye shahada akisema, watu huamini. Kwa muda wa mwezi mzima kijana alipoteza wateja. Hakuja kuniuliza chochote.

Mkaguzi wa magari alipolikagua gari alifanya jipimo la dakika moja. Alikanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, akauacha mguu juu ya pedali, kisha akawasha. Kwenye gari zima pedali hushuka kidogo injini inapowaka, kwa sababu msaidizi amefika. Ya kwangu haikushuka. Akabana ule mpira mnene unaokwenda kwenye bustaa, na injini ikabadilika sauti papo hapo. Bustaa ilipofunguliwa, utando ulikuwa umepasuka urefu wa kidole. Kijana yule aliyajua haya miezi mitano kabla, kwa kutumia masikio na choki.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha kwa bisibisi, na aliyeumbuliwa alikuwa mama yangu.

Nilikwenda kwa kijana yule nikamwomba radhi chini ya mkaratusi, mbele ya watu wale wale, kisha nikazunguka sokoni na ofisini kusema tena, safari hii ukweli. Nilimwomba kitu kimoja: anifundishe kutafuta ugonjwa wa sailensa kwa utaratibu. Alinifundisha kwa Jumamosi nyingi. Nitawapa utaratibu huo kwa kifupi, kwa sababu wengi wenu mna magari ya umri wa watoto wenu, na najua bisibisi ziko karibu.

Jambo la kwanza ni kusikiliza na kuuliza kabla ya kugusa. Je, tatizo liko injini ikiwa baridi tu, au ikiwa ya moto tu, au wakati wote? Lilianza ghafla au polepole? Hubadilika ukikanyaga breki? Lililoanza ghafla huwa ni kitu kilichopasuka, kuchomoka au kuziba. Lililoanza polepole huwa ni kitu kinachochakaa. Andika majibu kwenye daftari.

Jambo la pili ni moto wa plagi. Kwenye magari ya zamani yenye pointi, chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, injini ikinguruma. Kila ukichomoa, sauti inapaswa kuanguka. Silinda ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo haifanyi kazi. Magari yenye umeme wa kisasa msiyafanyie hivyo, mtaunguza vifaa. Kisha fungua plagi zote na uzipange kwa mfuatano wake. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli imezidi. Yenye mafuta ya injini maana yake ringi au sili za vali zimechoka. Nyeupe iliyopauka maana yake petroli ni chache kuliko hewa. Zangu zote nne zilikuwa zimepauka. Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu mwezi Mei, wakati naamini petroli imezidi, nikazifunga tena bila kujiuliza swali. Angalieni pia nafasi ya pointi na ya plagi kwa kile kipimo cha vibati kinachoitwa fila, na kifuniko cha distribyuta kama kina ufa.

Jambo la tatu ni vali. Nafasi ya vali ikiwa ndogo mno, vali haifungi sawasawa na silinda inavuja. Kwenye 504 vipimo ni milimita 0.10 kwa vali ya kuingizia na 0.25 kwa ya kutolea, injini ikiwa baridi. Kila gari lina vyake, na mwamuzi ni kitabu cha gari. Kama mgandamizo wa silinda moja uko chini sana kuliko nyingine, hakuna kabureta itakayokusaidia. Usipoteze fedha kwenye jeti.

Jambo la nne ni hewa ya pembeni, na hapa ndipo magari kuukuu mengi hulala. Mpira huzeeka kama sisi. Fuateni kila mpira unaotoka kwenye manifoldi, mmoja mmoja: unaokwenda kwenye bustaa, unaokwenda kwenye distribyuta, unaovuta moshi wa injini. Bana mmoja, sikiliza, achia, nenda mwingine. Ukibana na sailensa ikatengemaa, umemkamata mwizi. Kisha chukueni maji yenye sabuni kidogo, mnyunyize matone kwenye maungio ya manifoldi na chini ya kabureta, mbali na nyaya za plagi. Maji yakivutwa ndani, injini itabadilika sauti. Wapo wanaotumia petroli kwa jipimo hilo. Msithubutu, injini ya moto na petroli iliyomwagika zimeteketeza gereji nyingi. Wala msiiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake unaua mtu kabla hajasikia harufu ya hatari.

Jambo la tano ni petroli yenyewe. Tundu la jeti ya sailensa kwenye kabureta nyingi ni kama nusu milimita. Chembe moja ya kutu kutoka kwenye tangi, au uchafu wa petroli ya dumu, huliziba. Dalili yake ni kwamba injini inazima ukiondoa mguu, lakini ukikanyaga inakwenda. Fungua jeti, ipulize kwa hewa. Usiichokonoe kwa waya, maana utaipanua na hutapata tena kipimo chake. Angalia boya ndani ya kabureta kama limetoboka, na chujio la hewa kama limejaa vumbi.

Jambo la sita, na ni la mwisho kwa makusudi, ni skrubu. Injini iwe imepata moto, choki imerudishwa yote, chujio la hewa liko mahali pake. Weka mwendo wa sailensa kama kitabu kinavyosema. Kisha geuza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisubiri kila mara, mpaka injini iungurume kwa kasi na utulivu zaidi. Mwendo ukipanda, urudishe chini kwa skrubu ya sailensa. Mkifika hapa baada ya hatua tano za kwanza, mtashangaa jinsi skrubu zinavyohitaji kuguswa kidogo. Na gari likihitaji kukaziwa skrubu kila mwezi, skrubu haina kosa. Inawaambia kwamba mahali pengine kuna kitu kinakufa.

Wenye magari yasiyo na kabureta, yanayopuliza petroli kwa nozeli na kuongozwa na kompyuta, msidhani yamewapita haya. Kompyuta itajaribu kuficha kasoro kwa niaba yenu, ndiyo maana mara nyingi rezi hupanda na kushuka yenyewe kama mtu anayepumua kwa shida. Hapo napo mipira iliyopasuka huleta balaa lile lile, na masizi hujaa kwenye kibati cha hewa na kwenye kile kifaa kinachorekebisha sailensa. Anzeni kwa kukagua na kusafisha kabla ya kununua kompyuta nyingine.

Sasa niwageukie vijana. Mkitazama utaratibu ule, mtaona hamna siri ndani yake. Unauliza, unagusa kitu kimoja tu, unasikiliza, unaandika, unakwenda kingine. Hayo mimi nilifundishwa hapa. Katika maabara ile pale, mwaka 1996, mwalimu wetu wa Fizikia alitupa uzi na jiwe tupime muda wa pendulumu. Watatu sisi tulikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira, tukabadili urefu wa uzi na uzito wa jiwe kwa wakati mmoja. Tulipata sifuri. Mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtu akibadili vitu viwili hawezi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Nikalikariri somo, nikafaulu mtihani, nikaenda nalo mpaka chuo kikuu. Miaka 18 baadaye nilisimama mbele ya injini nikalisahau, na yule ambaye cheti chake kilisema hakulielewa alikuwa analitumia kila siku.

Sisemi elimu ya darasani haina maana. Kila aliloniambia kijana yule chini ya mkaratusi, sababu yake iko kwenye vitabu vya Fizikia vya Kidato cha Pili. Nasema kwamba kujua maelezo mazuri si sawa na kujua kama maelezo hayo ndiyo ya tatizo lililo mbele yako. Tofauti ya mawili hayo huonekana kwa kupima. Mimi nilikuwa na vipimo vitatu mbele yangu, yaani plagi zilizopauka, choki, na ile "shhh" ya breki, vyote vikinipinga, nami nikachagua kujisikiliza mwenyewe.

Na nyinyi wenzangu wa maofisini, mmeshasikia ninakoelekea, kwa hiyo sitaendelea. Kila mmoja wetu anajua skrubu yake iko wapi.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Gari la baba bado linatembea. Lina bustaa nyingine, na sailensa yake ukiweka glasi ya maji juu ya boneti maji hayamwagiki. Mama anapanda kiti cha mbele kama kawaida, lakini kabla hatujateremka Soni huniuliza, "Umepima?" Nami hupima mbele yake.

Ndugu yetu yule fundi yuko humu ndani. Ameketi karibu na mlango, na ameniomba nisimtaje jina, nami nimetii. Amekubali ombi la Mwalimu Mkuu la kuja Jumamosi moja kila muhula kuwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Tatu kufungua na kufunga injini. Kwa kuanzia, tumeleta kasha hili mnaloliona mezani. Ndani yake mna kabureta kuukuu ya gari la baba, distribyuta moja, plagi nne zilizopauka, na ile bustaa yenyewe, pamoja na utando wake uliopasuka. Namkabidhi mwalimu wa Fizikia viwekwe maabara. Naomba utando usiunganishwe. Kila kijana aingize kidole chake kwenye ule ufa, aone udogo wake.